Mkono wa Mtoto na Gango Lililokazwa

Twapenda mwezi huu kuzungumza na wazazi, hususan wale wakaao huku kwetu Kibiti na katika visiwa vya delta ya Rufiji, juu ya jambo ambalo mtu hulifikiri dogo mpaka limfike mlangoni kwake. Nalo ni mkono uliovunjika, namna ufungwavyo, na namna utunzwavyo baada ya kufunguliwa. Hatuandiki kama matabibu, kwani elimu yetu ni ya chuo cha Qurani na madarasa machache ya shule ya msingi. Twaandika kama watu waliokosea, kisha wakawauliza wenye ujuzi, wakaelezwa.

Miaka kadhaa iliyopita, katika msimu wa korosho, mwanafunzi wetu mmoja wa umri wa miaka 7 alipanda mkorosho ulio nyuma ya chuo. Tawi likakatika, naye akaanguka juu ya mkono wake wa kulia. Kiwiko kikavimba papo hapo. Baba yake alikuwa dago akivua kamba, na mama yake alikuja mbio mikono ikiwa bado na unga. Tukashauriana, sisi na wazee wawili waliokuwapo barazani. Zahanati ilikuwa ng'ambo ya mto, maji yalikuwa yamekupwa, na chombo kisingeelea mpaka usiku. Fundi wa mifupa alikuwa hatua 200 kutoka pale tulipokaa, mtu mwema na wa kuheshimiwa, ambaye mikono na miguu ya wengi wetu imepita kwake. Neno la kwamba mtoto apelekwe kwa fundi lilitoka kinywani mwetu sisi, kabla ya mtu mwingine kulisema.

Fundi aliuvuta mkono, akaupaka mafuta, akaupanga mabanzi ya mianzi, kisha akauzungusha vipande vya kanga kuanzia karibu na bega mpaka kwenye kifundo, akavikaza kama mtu afungavyo mzigo wa kuni, kwani kwa rai yake gango lililolegea ni kazi ya bure. Sisi tulisoma Fatiha, tukamwombea mtoto shifaa, tukaenda zetu kusali.

Usiku ule mtoto alilia hata majirani wasilale. Mama yake alituma mtu kuuliza, nasi tukajibu kwamba mfupa ndivyo ulivyo, na asubiri, mwanamume halii. Siku ya pili vidole vilikuwa vimejaa kama ndizi, na mama alipojaribu kukinyoosha kimoja mtoto alipiga ukelele. Ilipofika jioni akanyamaza. Tukasema Alhamdulillahi, dawa imeshika. Asubuhi ya siku ya tatu mama alikuja mwenyewe mlangoni akasema, "Maalim, mwanangu vidole vimekuwa baridi, nami nimevifinya wala hasikii." Hapo ndipo tulipofahamu ya kuwa kimya kile cha jioni hakikuwa nafuu. Mkono ulikuwa umenyamaza kwa sababu ulikuwa unakufa.

Tukaingia chomboni maji yalipojaa, tukafika Nyamisati, tukapata gari mpaka barabara kuu, na hospitali ya kwanza tuliyoifikia ikakata vile vitambaa bila ya kutuuliza neno, ikatupeleka Dar es Salaam, mwendo wa zaidi ya kilomita 100. Huko walilazimika kuipasua ngozi na utando wa mkono wa chini ili nyama ipate kupumua. Nyama nyingine ilikuwa imekwisha kufa, ikaondolewa. Mkono haukukatwa, na kwa hilo twamshukuru Mungu. Lakini vidole vilikunjika vikabaki vimekunjika, na kiganja kikainama ndani kama mtu aliyeshika kitu asichotaka kukionyesha.

Basi ni nini kilichotokea? Mbele ya kiwiko hupita mshipa mkubwa wa damu ulishao mkono wa chini wote pamoja na vidole. Hapo hapo hupita na mishipa ya fahamu, ambayo kwa hiyo kidole husikia na kutii. Mtoto aangukapo juu ya kiganja, na hasa mtoto wa miaka 5 hadi 7, mfupa wa juu wa mkono huvunjika mahali pembamba juu kidogo ya kiwiko, na ncha yake yaweza kuugandamiza mshipa ule. Kisha huja uvimbe. Nyama za mkono wa chini zimo ndani ya utando mgumu usiotanuka, mithili ya mchele uliojazwa katika pishi na kufunikwa. Uvimbe ukizidi ndani ya utando huo, damu hukosa njia. Na mtu akiongeza nje gango lililokazwa, amefunga mlango wa pili juu ya mlango uliokwisha fungwa. Nyama isiyopata damu yaweza kustahimili saa chache tu. Zikifika saa 6 hivi huanza kufa kifo kisichorudishwa. Nyama iliyokufa haibaki kama ilivyo, bali hugeuka kovu, na kovu kazi yake ni kujikunyata, nalo hujikunyata na vidole.

Jambo hili si siri wala si jipya. Daktari wa Kijerumani aitwaye Richard von Volkmann alilieleza katika mwaka wa 1881, akasema kwamba mikono hiyo iliyokunjika hutokana na bandeji zilizokazwa mno, na mpaka leo madaktari huuita ulemavu huo kwa jina lake. Na kabla ya Volkmann, karne nyingi kabla yake, Ibn Sina, aliyefariki mwaka wa 1037, alikwisha kushauri katika Al-Qanun kwamba kiungo kilichovunjika kisiharakishwe kufungwa magango, bali zingojewe siku kadhaa mpaka uvimbe upungue. Sisi ambao hupenda kujisifu kwa majina ya hao wataalamu wa Kiislamu, na kuwahadithia watoto kwamba Az-Zahrawi wa Cordoba aliandika juu ya upasuaji na mifupa Ulaya ikiwa bado gizani, tulimfunga mtoto wetu gango saa ile ile, juu ya uvimbe unaopanda. Kujisifu na kitabu ambacho hujakiuliza swali ni mzigo wa bure.

Wala hatusemi haya ili kuwavunjia heshima mafundi wa mifupa. Wameunga mifupa mingi, hasa ile iliyovunjika bila ya kuachana, na mtu wa Mbwera au wa Salale asiye na nauli wala chombo hana wa kumkimbilia usiku ila wao. Watu huikwepa hospitali pia kwa kuogopa gharama, na kwa kuogopa kukatwa mkono. Lakini twaomba izingatiwe kwamba mikono mingine ikatwayo hospitali hufika huko ikiwa imekwisha kufa njiani kwa ajili ya kamba. Fundi huutazama mfupa, naye huujua. Uuao mkono si mfupa, ni damu, na damu haionekani chini ya kanga.

Kwa hiyo mzazi yeyote, mwanawe awe amefungwa na fundi kijijini au amefungwa plasta hospitali, ile waiitayo vijana hogo, anapaswa kuvitazama vidole. Vidole vyote viachwe wazi, visifunikwe. Katika siku mbili za mwanzo vitazamwe kila saa mtoto anapokuwa macho, na usiku aamshwe mara kadhaa. Ubinye ukucha mpaka uwe mweupe, kisha uuachie: wekundu urudi kabla hujahesabu mbili. Uvishike vidole vya mikono yote miwili kwa pamoja, uone kama kimoja ni baridi kuliko mwenziwe. Umwulize kama anasikia ukimgusa ncha ya kila kidole. Kisha umwambie afanye mambo matatu, nayo hufanywa kwa mchezo: asimamishe kidole gumba juu, aunganishe ncha ya gumba na ncha ya kidole cha shahada mpaka vifanye duara, atawanye vidole vyote kama miguu ya kaa. Kila tendo katika hayo lina mshipa wake wa fahamu, na asipoweza moja, mshipa wake umedhurika.

Dalili iliyo kubwa kuliko zote ni maumivu yasiyotulia. Mfupa uliofungwa vyema huuma, lakini maumivu yake hupungua saa baada ya saa. Maumivu yanayopanda baada ya kufungwa, na hasa yale yanayomfanya mtoto apige kelele unapomnyoosha kidole taratibu, si maumivu ya mfupa. Usingoje ganzi. Usingoje vidole vipoe. Usiseme kwamba mapigo ya mshipa bado yapo kwenye kifundo, kwani mapigo yaweza kuwapo hali nyama za ndani zinakufa. Na mtoto aliyelia siku nzima akanyamaza ghafla, umwulize kwanza kama anavisikia vidole vyake, ndipo umshukuru Mungu.

Ukiziona dalili hizo, la kwanza ni kufungua. Vitambaa vikatwe vyote tangu juu mpaka chini, pamoja na pamba na kila kilicho ndani, mpaka ngozi ionekane, wala pasiachwe hata uzi mmoja uliozunguka. Mfupa ukisogea, utawekwa sawa tena kesho. Nyama iliyokufa haifufuki kesho. Plasta ya hospitali ni ya kurudishwa hospitali saa hiyo hiyo, hata ikiwa ni usiku wa manane. Lakini kwa aliye ndani kabisa ya delta, na maji yamekupwa, na vidole vya mtoto vinakufa ganzi, mkono utiwe katika beseni ya maji mpaka plasta ya chokaa ilainike, kisha ifunuliwe. Asiikate kwa panga. Mkono huo uwekwe sawa na usawa wa moyo, usininginizwe chini wala usiinuliwe juu sana, na safari ianze kwa chombo cha kwanza kitakachoelea.

Na kabla ya safari, mkono uliovunjika ufanyweje? Usivutwe wala usinyooshwe. Kiwiko kilichovimba kiachwe katika hali ile ile uliyokikuta, kimekunjika kidogo. Chukua kipande cha boksi gumu au jani pana la shina la mgomba, kitandike kitambaa laini, kiwekwe upande mmoja tu wa mkono, kifungwe kwa kulegea kiasi cha kupitisha kidole, kisha mkono ulazwe ndani ya kanga iliyofungwa shingoni. Pete na bangili zivuliwe mapema, kabla uvimbe haujazishika. Mtoto asilishwe uji wala wali kwa kumhurumia, kwani huenda akahitaji dawa ya usingizi, na madaktari humtaka awe hajala kwa saa 6 hivi. Wengi hufika hospitali wakarudishwa kitandani kungoja kwa sababu ya kikombe kimoja cha uji.

Kutoka kwetu watu hupelekwa Mchukwi, ama Utete kwa walio upande wa Rufiji, na mambo mazito hupelekwa Dar es Salaam, katika Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili iliyoanzishwa mwaka wa 1996. Mtoto aliyevunjika juu ya kiwiko mara nyingi huwekwa vipini vyembamba vya chuma vya kuushika mfupa, na baada ya majuma 3 au 4 huondolewa. Hilo si jambo la kutisha.

Hapa yapasa kusema neno juu ya ibada, kwani ni mlango ambao watu wengi wema huingilia madhara. Tumemwona kwa macho yetu mzee mmoja aliyeimwagia maji plasta yake kwa kila sala mpaka ikawa uji. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, wayafuatayo wengi wa watu wa pwani yetu, mwenye gango huosha sehemu iliyo nzima, hupangusa juu ya gango kwa mkono wenye maji, na hutayamamu, wala halazimishwi kulivua gango ambalo kulivua kwake kutamdhuru. Kupangusa ni kwa unyevu wa kiganja, si kwa kata ya maji. Ama suala la kuirudia sala baadaye lina masharti yake, kwa kadiri ya hali aliyokuwa nayo alipofungwa na kiungo kilichofungwa, na kila mtu amwulize shekhe wake. Amepokea Abu Dawud kwa Jabir habari ya mtu aliyejeruhiwa kichwa safarini, kisha akapatwa na janaba, na wenzake wakamwambia hana ruhusa ila kuoga, akaoga, akafa. Mtume (S.A.W.) alipopata habari aliwakasirikia sana, akawafahamisha kwamba asiyejua dawa yake ni kuuliza. Kila tuisomapo hadithi hiyo darasani tangu siku ile ya mkorosho, hatuisomi kama habari ya watu wengine.

Kadhalika mtoto ambaye mkono wake wa kulia umefungwa asipigwe kwa kula na wa kushoto. Ana udhuru, na dini yetu huujua udhuru. Lakini udhuru una mwisho, na hapo ndipo linapoingia jambo la pili ambalo watu hulidharau kuliko la kwanza.

Watu wengi hudhani ya kuwa siku ya kufunguliwa gango ndiyo siku ya kupona. Siyo. Mfupa umeungana, lakini mkono umesahau kazi. Kiganja kimoja kina mifupa 27 tangu kwenye kifundo, na kila kiungo kati ya mifupa hiyo hukauka kisipotumiwa, kama bawaba ya mlango wa nyumba iliyohamwa. Kwa hiyo mazoezi hayangoji gango kuondolewa. Tangu siku ya kwanza vidole vilivyo wazi na vikunjwe na kukunjuliwa mara nyingi kutwa, na bega liinuliwe. Kipimo cha bega tunacho mara tano kwa siku: ni takbiri. Asiyeweza kuinua mikono yake mpaka usawa wa mabega, bega lake limeanza kuganda, na alishughulikie leo. Kipimo cha kifundo ni sijda, kwani kiganja kisichoweza kulala juu ya mkeka hakijarudi; lakini asikilazimishe kubeba uzito wa mwili kabla daktari hajamruhusu, na mpaka hapo ataashiria.

Tahadhari moja kubwa: kiwiko hakichuliwi. Twajua kwamba katika nyumba zetu mara gango lifunguliwapo bibi huja na mafuta ya nazi na maji ya moto, akashika kiwiko na kukivuta kwa nguvu ili kinyooke. Kiwiko kikilazimishwa, nyama yake huumia upya, na mara nyingine ndani ya nyama hiyo huota mfupa usiotakiwa, ukakifunga kiungo moja kwa moja. Mtoto mwenyewe ndiye akikunje na kukikunjua kwa nguvu zake, kidogo kidogo, na kiwiko cha mtoto hurudi kwa muda wa miezi bila ya kuvutwa na mtu.

Mwanafunzi wetu alifundishwa mazoezi na mtaalamu wa viungo huko Dar es Salaam, akapewa na kibao cha kulalia mkono usiku ili vidole visizidi kukunjika. Lakini Dar es Salaam si mahali pa kwenda kila Jumatatu kwa mtu wa delta, basi tulimwuliza yule mtaalamu ni vitu gani vya nyumbani vinavyofaa. Akatujibu kwa kutuuliza, watu wenu hufanya kazi gani kwa vidole? Tukamtajia, naye akavikubali karibu vyote. Kusuka ukili, kwa kuanza na miyaa mipana, kisha kupunguza. Kuchambua mchele. Kukanda unga. Kukamua nguo iliyolowa. Kufungua mafundo ya nyavu kuukuu, na baadaye kushika sindano ya kushonea nyavu. Kukuna nazi mwisho kabisa, mkono utakapokuwa na nguvu. Na kalamu ya chuo.

Tena likatujia moja tusilolifikiria. Yule mtaalamu alimtaka mtoto aguse kwa kidole gumba ncha na pingili za vidole vingine, kimoja kimoja, mara nyingi kwa siku. Mama yake akasema, "Hiyo si tasbihi?" Naam, ni tasbihi. Wamepokea Abu Dawud na Tirmidhi kwamba Mtume (S.A.W.) aliwaagiza wanawake wahesabu dhikri kwa vidole, kwani vidole vitaulizwa na vitasemeshwa. Pingili za mkono mmoja ni 14, tatu kwa kila kidole na mbili kwa gumba. Basi kila baada ya sala mtoto yule alileta tasbihi zake kwa mkono wa kulia peke yake, Subhanallah mara 33, Alhamdulillah mara 33, Allahu Akbar mara 33, akisaidia gumba kwa mkono wa kushoto pale liliposhindwa kufika. Miezi ya mwanzo lilifika kwenye kidole cha shahada tu. Mwaka uliofuata alipasuliwa tena, kano zikarefushwa, akaanza upya. Ulipomalizika mwaka wa pili gumba lilikuwa likikigusa kidole cha pete.

Wenziwe hawakumwacha salama. Walimpa jina la utani kwa ajili ya mkono wake, jina ambalo hatuliandiki. Siku moja tuliyaacha masomo ya siku hiyo tukawahadithia Talha bin Ubaydullah (R.A.), mmoja wa wale kumi waliobashiriwa Pepo, ambaye katika vita vya Uhud, mwaka wa 3 wa Hijra, alimkinga Mtume (S.A.W.) kwa mkono wake mpaka ukapooza, na watu wa baada yake walikuwa wakiutaja mkono ule kwa heshima. Jina la utani halikwisha siku hiyo. Watoto ni watoto. Ila mmoja wao, aliyekuwa mkali kuliko wote, akawa ndiye amshikiaye ubao anapoandika.

Ama majeraha ya panga na visu, ambayo huku kwetu ni mengi wakati wa kufyeka mashamba na kupasua madafu, tutayagusa kwa ufupi tu. Mkato mdogo wa kiganjani waweza kuwa umekata kano, na damu ikisimama mtu hudhani amepona. Mwambie akunje ncha ya kila kidole. Kisichokunjika, au ncha isiyosikia, ni ya kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo, si baada ya kidonda kufunga. Kano iliyoshonwa hulindwa majuma 6 hivi, na kazi nzito hungoja mpaka majuma 12. Mshipa wa fahamu ulioshonwa hukua kama milimita moja kwa siku, basi aliyekatwa kifundoni asishangae ncha za vidole zikichukua miezi kadhaa kuamka. Damu izuiwe kwa kubana kitambaa safi juu ya kidonda penyewe, si kwa kuufunga mkono kamba. Kadhalika aliyeumwa na nyoka mkononi asifungwe kamba, kwani kamba hiyo nayo yafanya kazi ile ile ya gango letu. Jeraha la mamba lioshwe kwa maji mengi safi na sabuni, lisishonwe nyumbani, na mgonjwa apate sindano ya pepopunda.

Imebaki habari ya fundi. Tulimwendea baada ya miezi miwili, tukiwa na haya, kwani sisi ndio tuliomtuma kazi. Alikasirika. Alisema, "Maalim, mimi naunga mifupa tangu siku za marehemu baba yangu, na leo mwaniletea maneno ya hospitali?" Hatukubishana naye. Tulimwomba tu aende amtazame mtoto. Alikwenda, akaushika ule mkono muda mrefu, akaondoka bila ya kuaga. Hakukubali siku hiyo wala mwaka huo. Sasa huacha vidole wazi, na hurudi yeye mwenyewe usiku kubinya kucha. Na mtoto mwenye kiwiko kilichovimba hamshiki kabisa, humleta kwetu.

Kwetu ni kwa sababu pale chuoni tumeweka sanduku. Mna mkasi butu wa kukatia vitambaa, kanga mbili safi, vipande vya boksi vilivyokwisha kukatwa kwa kadiri ya mkono wa mtoto na wa mtu mzima, na karatasi yenye nambari za simu za wenye maboti watatu. Ndani ya kifuniko kumeandikwa nyakati za maji kujaa kwa juma hilo, na huandikwa upya kila Ijumaa na kijana yule yule, kwa mkono wake wa kulia, herufi zikiinama kidogo.